Uzi: Namba tasa 2^127 − 1, tuikague mpaka ndani

#1 – Mleta uzi

Wakuu, nyuzi nyingi za namba tasa kubwa huishia kwenye urefu. Ina tarakimu milioni kadhaa, ikichapwa inajaza vitabu, basi, mjadala umefungwa. Urefu peke yake hautufundishi kitu, maana Euclid alishaonyesha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba namba tasa hazina mwisho. Ukitaja kubwa, iko kubwa zaidi. Mimi naleta namba moja tu, ya tarakimu 39, tuichambue tabia yake:

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727

Kwa kifupi ni 2^127 − 1. Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha mwaka 1876 kwamba ni tasa, kwa hesabu za mkono. Ikashikilia nafasi ya namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana kwa miaka 75, hadi 1951. Kuanzia hapo mashine zikachukua kazi, na hadi leo hakuna namba tasa kubwa kuliko hii iliyothibitishwa kwa mkono mtupu.

Tupime kwanza ugumu wenyewe. Njia tuliyofundishwa shuleni ni kugawa kwa 2, 3, 5, 7 na kuendelea mpaka kwenye kipeuo cha pili cha namba, ambacho hapa ni takriban 1.3 × 10^19. Iko njia ya mkato: p ikiwa tasa (ukiacha 2), kila kigawo tasa cha 2^p − 1 lazima kiwe na umbo la 2kp + 1, na kikigawiwa kwa 8 kibakize 1 au 7. Kwa namba yetu maana yake ni kujaribu vigawo vya umbo 254k + 1 tu, na sharti la 8 linaondoa nusu yake. Mchujo mkali huo! Na bado yanabaki majaribio kama 2.6 × 10^16. Jaribio moja kila sekunde, usiku na mchana, ni zaidi ya miaka milioni 800.

Lucas hakupita njia hiyo kabisa, na hapa ndipo ilipo hoja yangu. Namba 2^127 − 1 ukiitazama yenyewe haina pa kushika. Mtazame jirani yake wa juu, 2^127. Huyo hana kigawo tasa chochote isipokuwa 2. Hakuna namba nyepesi kuichambua kuliko hiyo, na karibu kila sifa nzuri ya namba yetu inatoka kwake.

Kipimo chenyewe, kwa sura aliyoinyoosha Derrick Henry Lehmer mwaka 1930, ni hiki. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, chukua baki. Rudia kwa baki hilo. Kama unapima 2^p − 1, rudia mara p − 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa. Hakuna "labda".

Mfano wa mkono, 2^7 − 1 = 127, hatua 5:

4
14
14 × 14 − 2 = 194, baki 67
67 × 67 − 2 = 4,487, baki 42
42 × 42 − 2 = 1,762, baki 111
111 × 111 − 2 = 12,319, baki 0

12,319 ni 127 × 97 kamili. Basi 127 ni tasa, na hatukuigawa kwa 3, 5, 7 wala 11. Kwa 2^127 − 1 ni hatua 125. Kila hatua ni kuzidisha namba ya tarakimu zipatazo 39 kwa yenyewe kisha kutafuta baki. Kazi nzito kwa mkono, lakini ni kazi ya binadamu, si ya miaka milioni 800.

(Lucas mwenyewe, kwa vipeo kama 127 vinavyobakiza 3 vikigawiwa kwa 4, alitumia mfuatano unaoanzia 3 uliotoka kwenye namba za Fibonacci. Kanuni ya kuzidisha na kutoa 2 ni ileile. Jaribuni kwa 127: 3, 7, 47, 48, 16, 0.)

#2 – Mchangiaji

Mkuu, nimekaa na kalamu nikapima 2^11 − 1 = 2,047, hatua 9. Nimepata: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Mwisho si sifuri, kwa hiyo si tasa. Lakini kilichonishangaza ni kwamba nimejua si tasa bila kujua inagawika kwa ngapi! Hiyo 1736 haina dokezo lolote la kigawo.

#3 – Mleta uzi

Umegusa penyewe, mkuu. 2,047 ni 23 × 89. Angalia pia umbo nililotaja: 23 ni 2 × 11 + 1, na 89 ni 8 × 11 + 1. Ila kipimo hakikuhitaji hayo. Kujua kwamba namba ina vigawo ni swali moja, kuvipata ni swali lingine, tena la pili ni gumu mno kuliko la kwanza.

Historia ina ushahidi mzuri. Padri Marin Mersenne, mwaka 1644, alitoa orodha ya vipeo ambavyo kwa maoni yake vinaifanya 2^p − 1 kuwa tasa mpaka kufikia 257: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127, 257. Lucas mwaka huohuo wa 1876 alionyesha kwamba 2^67 − 1 si tasa. Vigawo vyake? Hakuwa navyo. Ilibidi kusubiri hadi 1903, Frank Nelson Cole alipoleta 193,707,721 × 761,838,257,287. Miaka 27 namba ile ilijulikana si tasa huku hakuna aliyejua inagawika kwa nini. Chukueni kikokotoo mhakiki: 193,707,720 inagawika kwa 134, yaani 2 × 67, bila baki.

Na kwenye orodha ya Mersenne 257 nayo haikupita, huku 61, 89 na 107 zikiwa zimeachwa. Pervushin aliithibitisha 2^61 − 1 mwaka 1883. Nyingine mbili zilithibitishwa miaka ya 1910. Kwa hiyo 2^127 − 1 ilijulikana kabla ya wadogo zake watatu. Kwa mpangilio wa ukubwa ni ya 12 katika namba tasa za Mersenne, yaani tasa zenye umbo la 2^p − 1.

#4 – Mchangiaji mwingine

Hesabu nimeifuata, lakini sijaridhika. Kwa nini 4? Kwa nini kutoa 2? Na sifuri ya mwisho inathibitisha nini hasa? Bila hilo naona kama kanuni ya kukariri tu.

#5 – Mleta uzi

Swali la haki. Nitaeleza taratibu, anayependa hesabu achukue karatasi.

Fikirieni namba za umbo a + b√3, ambapo a na b ni namba nzima. Chukua w = 2 + √3 na mwenzake v = 2 − √3. Zizidishe: 4 − 3 = 1. Kwa hiyo v ni 1/w. Zijumlishe: 4. Ndiyo ile 4 ya kuanzia.

Sasa ukichukua jumla w + v na kuizidisha kwa yenyewe, unapata w² + v² + 2wv, na kwa kuwa wv = 1, hiyo ni w² + v² + 2. Toa 2, unabaki na w² + v². Ndiyo sababu ya kutoa 2: kila hatua inakipandisha kipeo cha w maradufu. Baada ya hatua k una w^(2^k) + v^(2^k).

Tuseme tunapima N = 2^p − 1, na baada ya hatua p − 2 baki ni 0. Maana yake w^(2^(p−2)) + v^(2^(p−2)) ni sifuri kwa mtazamo wa mabaki ya N (yaani tunatazama tu baki baada ya kugawa kwa N). Zidisha pande zote kwa w^(2^(p−2)), utapata w^(2^(p−1)) = −1. Zidisha hiyo kwa yenyewe: w^(2^p) = 1. Basi w inarudi kwenye 1 ikifika kipeo cha 2^p, na haijarudi kwenye 2^(p−1), maana pale ilikuwa −1. Kwa kuwa 2^p haina kigawo tasa kingine ila 2, hakuna kituo kingine cha kuhofia katikati: mzunguko wa w ni 2^p barabara. Jirani wa juu huyo, N + 1.

Umaliziaji sasa. Tuseme N si tasa. Basi ina kigawo tasa q kisichozidi kipeuo chake cha pili, yaani q² haizidi N. Tazama zilezile namba a + b√3 kwa mabaki ya q. Zipo q² tu kwa jumla, ukiondoa sifuri ni q² − 1. Mzunguko wa w hauwezi kuwa mrefu kuliko idadi ya vitu vinavyoweza kupitiwa, kwa hiyo hauzidi q² − 1, ambayo haizidi N − 1. Lakini tumeshaona mzunguko wake ni N + 1, na kwa kuwa q inaigawa N, hoja ileile inashika kwa mabaki ya q. Haiwezekani. Basi q hayupo, na N ni tasa.

Huu ni upande mmoja wa hoja (sifuri inathibitisha utasa). Upande wa pili, kwamba kila tasa lazima itoe sifuri, unahitaji kanuni za mabaki ya vipeo vya pili, nauacha. Ila binafsi naona hoja hii ni miongoni mwa nzuri kabisa katika nadharia ya namba. Namba ya tarakimu 39 inabanwa kwa kuhesabu nafasi tu.

#6 – Mchangiaji

Nimeisoma mara mbili, imeingia. Nyongeza yangu kwa wanaoandika programu: hata kutafuta baki la kugawa kwa 2^127 − 1 hakuhitaji kugawa. Kwa kuwa 2^127 ni sawa na 1 kwa mabaki ya namba hii, unaikata namba kubwa vipande vya biti 127 (tarakimu za sifuri na moja) na kuvijumlisha. Kwa mfano mdogo wa 127: 1,000 ni 7 × 128 + 104, basi baki ni 7 + 104 = 111. Hii ndiyo sababu waandishi wa programu za hesabu kubwa wanaipenda. Kwa sifuri na moja, namba yenyewe ni moja 127 mfululizo, na ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye nafasi ya biti 128 yenye alama ya chanya na hasi.

#7 – Mleta uzi

Ahsante mkuu, na bado iko zawadi nyingine ya jirani huyohuyo. Kwa namba tasa P inayobakiza 3 ikigawiwa kwa 4, kipeuo cha pili cha a kwa mabaki ya P (kama kipo) hupatikana kwa kuipandisha a kwenye kipeo cha (P + 1)/4. Kwa namba yetu (P + 1)/4 ni 2^125. Yaani kutafuta kipeuo cha pili ni kuzidisha namba kwa yenyewe mara 125, basi. Kwa a = 2 huhitaji hata hayo: jibu ni 2^64, kwa sababu 2^64 × 2^64 = 2^128 = 2 × 2^127, na 2^127 ni 1, inabaki 2.

Namba timilifu pia hutoka hapo. Hizi ni zile ambazo vigawo vyake, ukiiacha namba yenyewe, vikijumlishwa vinarudisha namba, kama 6 = 1 + 2 + 3. Zidisha 2^126 kwa namba yetu, unapata namba timilifu ya tarakimu 77. Euclid alitoa kanuni hiyo, Euler akaonyesha kwamba kila namba timilifu iliyo shufwa hupatikana kwa njia hii.

Na hili si la kuthibitisha kitu ila linanifurahisha: Lucas ndiye aliyebuni fumbo la Mnara wa Hanoi, mwaka 1883. Visahani n huhitaji mihamisho 2^n − 1 kwa uchache. Mnara wa visahani 127 unahitaji mihamisho ambayo idadi yake ni namba tasa yetu hii hii.

#8 – Mchangiaji mwingine

Kwa sisi wa usalama wa mitandao: namba tasa ya biti 127 yenye hesabu rahisi hivyo, si ingefaa kwa kubadilishana funguo za siri?

#9 – Mleta uzi

Kwa namna ile ya kawaida, ambapo siri ni kipeo na namba inapandishwa kwa mabaki ya P, haifai hata kidogo. Kwanza ni fupi kwa viwango vya leo. Lakini hata kwa urefu huohuo ni dhaifu kuliko wenzake, na hapa anaingia jirani wa chini. P − 1 ni 2^127 − 2, ambayo ni 2 × (2^63 − 1) × (2^63 + 1), na hizo zinachambuka mpaka mwisho:

2 × 3³ × 7² × 19 × 43 × 73 × 127 × 337 × 5,419 × 92,737 × 649,657 × 77,158,673,929

Kigawo tasa kikubwa kuliko vyote hapo kina tarakimu 11 tu. Pohlig na Hellman walichapisha mwaka 1978 njia ya kuvunja tatizo la kipeo kilichofichwa vipande vipande, kipande kimoja kwa kila kigawo cha P − 1. Ugumu unabaki ule wa kipande kikubwa zaidi, na kwa kigawo cha ukubwa huo ni hatua zipatazo 280,000 za kukokotoa. Kompyuta ya kawaida inamaliza upesi mno. Namba ina tarakimu 39 lakini siri iliyofungwa nayo inalindwa na tarakimu 11.

Haina maana kwamba namba haina kazi huko. Mkunjo wa FourQ (mkunjo wa duaradufu, elliptic curve, unaotumika kutunza siri), uliotolewa mwaka 2015 na Costello na Longa, umejengwa juu ya 2^127 − 1 kwa ajili ya wepesi wa hesabu aliousema mchangiaji wa #6. Pale siri iko kwenye nukta za mkunjo, si kwenye vipeo vya namba, kwa hiyo uchambuzi wa P − 1 hauigusi.

#10 – Mchangiaji

Swali langu ni la kijinga labda. Je, kuwa tasa kwa ukubwa huo ni jambo adimu?

#11 – Mleta uzi

Si la kijinga, mkuu. Karibu na ukubwa huo, takriban namba moja katika kila 88 ni tasa. Zimejaa. Adimu ni tasa zenye umbo la 2^p − 1: zinazojulikana ni 52 tu. Kubwa kuliko zote ni 2^136,279,841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320, aliyoipata Luke Durant Oktoba 2024 ndani ya GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea wanaotafuta tasa za Mersenne kwa kompyuta zao, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996. Na ilipohakikiwa, kipimo kilikuwa kilekile: anza na 4, zidisha, toa 2.

Hata kipeo 127 kina upekee wake. 127 ni 2^7 − 1; namba 2^127 − 1 ni tasa; na (2^127 + 1)/3 = 56,713,727,820,156,410,577,229,101,238,628,035,243 nayo ni tasa. Mwaka 1989 Bateman, Selfridge na Wagstaff walitoa dhana inayounganisha sharti tatu za aina hii (la kwanza kwa ukamilifu wake ni kwamba kipeo kiwe na umbo la 2^k ± 1 au 4^k ± 3): kwa kipeo chochote kilicho witiri, mbili kati yake zikitimia, ya tatu nayo itatimia. Dhana hiyo haijathibitishwa wala kupinduliwa. 127 ndicho kipeo kikubwa zaidi kinachojulikana kutimiza zote tatu.

#12 – Mchangiaji wa #2

Nimeona mnyororo hapo: 2^2 − 1 = 3, 2^3 − 1 = 7, 2^7 − 1 = 127, 2^127 − 1 ni hii. Zote tasa. Je, tukiipandisha 2 kwa kipeo cha namba yetu na kutoa 1?

#13 – Mleta uzi

Huo ni mnyororo wa Catalan, na hapo ndipo uliposimama. Inayofuata ina tarakimu zaidi ya 5 × 10^37. Kipimo cha Lucas hakisaidii, maana kingehitaji hatua zipatazo 1.7 × 10^38, na matokeo ya katikati hayawezi hata kuandikwa popote. Njia iliyobaki ni kuwinda kigawo. Kwa kanuni ya #1, tukiita namba yetu M, kigawo chochote kina umbo la 2kM + 1, na sharti la 8 linataka k igawiwe kwa 4 na kubakiza 0 au 1. Hakuna kigawo kilichopatikana mpaka sasa.

#14 – Mchangiaji wa #2

Basi jirani wa chini anasaidia hapo! Kwa uchambuzi wa #9, M inabakiza 1 ikigawiwa kwa 3, 7, 19, 43, 73 na wengine wote kwenye ile orodha. Kwa hiyo 2kM + 1 inaacha baki sawa na 2k + 1 kwa kila mmoja wao, na k yoyote inayofanya 2k + 1 igawike kwa 3, 7 au 19 inaondoka bila hesabu. k = 1 inatoa 2^128 − 1, inagawika kwa 3. k = 4 nayo 3. k = 5 inapita kwa hao wote, 2k + 1 ikiwa 11. k = 8 inatoa 17, inapita. k = 9 inatoa 19, inaanguka. k = 12 inatoa 25, inapita. k = 13 inatoa 27, inaanguka kwa 3.

#15 – Mleta uzi

Sahihi kabisa mkuu. Ongeza na mchujo wa 5: M inabakiza 2 ikigawiwa kwa 5, kwa hiyo k zote zinazobakiza 1 kwa 5 zinaondoka pia. Zinazopita mchujo, unapima moja kwa moja: chukua q = 2kM + 1, pandisha 2 kwa kipeo cha M, uone kama inatoka 1 kwa mabaki ya q. Anza na k = 5, 8 na 12, uweke hesabu zako hapa tuzihakiki pamoja.